Kupiga picha watu usiowajua Kariakoo na Posta: unaomba kwanza au unapiga kwanza?

Mtazama_Mji
Wakuu habari za muda huu. Nina jambo linanisumbua, naomba msaada kwa wale waliokwisha pita njia hii. Nimenunua kamera ya mtumba, ndogo tu, lenzi yake mm 35 haivuti, na kitu ninachopenda kupiga sio harusi wala bethdei wala machweo ya Coco Beach, napenda watu. Watu wa kawaida wakiwa kwenye mishe zao hapa Dar. Yaani unamkuta konda wa Gongo la Mboto kaning'inia mlangoni, noti kazikunja kwa urefu kazibana katikati ya vidole kila noti na nafasi yake, mkono mwingine anagonga bodi mara mbili dereva anajua aondoe gari, na hajamtazama mtu usoni ila anajua fika nani hajalipa. Kitu kama hicho kinanikaa kichwani kutwa nzima na natamani niwe nacho kwenye picha.

Sasa shida inaanza nikinyanyua kamera. Mtaa wa Kongo pale Kariakoo ukinyanyua tu watu wanabadilika, mwingine anapozi, mwingine anageuka, mwingine anakuja kabisa "we unapiga picha za nini, umetumwa na nani?" Nikisema niombe ruhusa kwanza, kile kilichonivuta kinakufa hapo hapo, mtu ananyooka mikono pembeni uso umekaza kama anapigwa picha ya kitambulisho cha NIDA. Nisipoomba, narudi nyumbani na picha nzuri lakini roho haijatulia, nahisi kuna kitu cha mtu nimeondoka nacho bila yeye kujua.

Rafiki yangu ananishauri ninunue lenzi ndefu nikae mbali, mwingine ananiambia tumia simu hakuna atakayejua. Mimi sitaki kuwaibia watu ila pia sitaki kuacha, naipenda hii kitu kwelikweli. Nyie mnafanyaje? Unaomba kabla, unaomba baada, au huombi? Na sheria inasemaje maana kila mtu ana yake.

Babu_Filamu
Mdogo wangu karibu sana. Mimi nimeanza enzi za filamu, mkanda wa picha 36 unautumia kwa adabu maana kusafisha mkanda ni hela na kuprinti ni hela, kwahiyo ile tabia ya kusimama ukaangalia kwanza tuliipata kwa lazima. Na hiyo ndo ningependa uanze nayo kabla hata ya hilo la kuomba au kutoomba. Wewe unatembea, unaona, unanyanyua, unapiga, unaondoka. Mtu anayefanya hivyo mtaa wa Kongo lazima aulizwe katumwa na nani, hata mimi ningemuuliza.

Kaa. Chagua kona moja ukae. Mimi kona yangu ni kule Msimbazi inapokutana na Uhuru, kuna mzee anauza kahawa, na nakwambia ukweli picha zangu nzuri zote za Kariakoo zinatoka hatua chache kutoka kwenye benchi lake. Unakunywa kikombe, unakula kashata, kamera iko shingoni inaonekana wala hujaificha, wanakuuliza ni kamera gani unawaonyesha, wanapigana picha wenyewe kwa wenyewe wanacheka, baada ya hapo hakuna mwenye habari na wewe tena. Hapo sasa ndo unaanza kuona. Utaona yule mzee anavyoosha vikombe: ana ndoo ndogo ya maji, kikombe kinaingia, kidole gumba kinazunguka mdomoni mara moja, kinatoka, kinagongana na mwenzake vilie ili mtu wa upande wa pili ajue kahawa ipo, afu birika linainuliwa juu kuliko inavyohitajika na haimwagiki hata tone. Ukipita mbio utampiga mzee na birika basi. Ukikaa utajua mkono unafika wapi kabla haujafika, na kidole chako kitakuwa tayari.

Huyu mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson ambaye kila mtu anamtaja, wengi wanadhani alikuwa na bahati ya kukuta vitu vinatokea. Picha zake nyingi alikuwa anaona mahali kwanza, ngazi, ukuta, kona yenye mwanga, anasubiri mtu aingie. Na kwa taarifa yako, picha ambayo mwenyewe alisema ndo ilimsukuma kushika kamera mwanzoni mwa miaka ya 1930 ni ya mpiga picha Martin Munkácsi, vijana watatu wa Kiafrika wanakimbilia majini wametupa mgongo, picha ambayo dunia inaijua kwa jina la Ziwa Tanganyika. Nyuso zao hazionekani kabisa lakini furaha yote iko pale. Hilo uliweke akilini maana si kila picha ya mtu inahitaji uso wake.

Lenzi ndefu usinunue. Ukiwa mbali unaonekana mpelelezi, na picha zenyewe zinakuwa za mtu aliyejificha, mtazamaji analiona hilo hata kama hajui kulisema. mm 35 inakulazimisha uwe karibu, hatua mbili tatu, maana yake na wao wanakuona. Hapo ndo penyewe.

Kuhusu kuomba: mimi kama ni tukio, watu wengi, mtaa unatembea, napiga, afu macho yakikutana natabasamu nasalimia naonyesha picha. Kama ni mtu mmoja na uso wake ndo picha, namsogelea. Mtu akisema futa nafuta mbele yake, sibishani, hata kama ndo picha ya mwaka.

Muuza_Mikanda
Naomba na mimi niseme maana wote mnaongea mkiwa nyuma ya kamera, mimi niko mbele yake kila siku. Nauza mikanda na pochi hapo hapo Kongo.

Kwanza mjue kwanini tunauliza umetumwa na nani. Sio ushamba. 2021 machinga tuliondolewa barabarani, watu vibanda vyao vilivunjwa, na kabla ya mambo kama hayo kutokea huwa kunapita watu wanaangalia, wanaandika, wanapiga picha nani kakaa wapi. Kwahiyo mtu asiyejulikana akisimama na kamera kuelekea kwenye meza yangu mimi nawaza meza, siwazi sanaa. Akinisalimia akasema anachofanya nimemaliza, naendelea na wateja wangu. Akikaa kimya na kujifanya anapiga ghorofa huku lenzi iko kwangu, hapo tutagombana.

La pili ndo linaloniuma zaidi. Jirani yangu alipigwa picha amelala juu ya robota la nguo, mchana, kachoka maana alikuwa ameshusha mzigo tangu usiku. Picha nzuri kabisa. Ikatembea mtandaoni imeandikwa maneno ya umaskini na vijana waliokata tamaa. Huyu mtu ana watoto wanasoma, ana kiwanja Chanika, siku ile ile aliuza robota zima. Watoto wake ndo waliiona kwanza wakamuonyesha. Sasa aliyepiga angeandika tu "Kariakoo, mchana" nani angelalamika? Kwahiyo mimi ombi langu sio msipige, ombi langu mnapoweka maneno mjue mnamsemea mtu ambaye hayupo hapo kujibu.

Na kuna siku za kuweka kamera chini kabisa. Soko lilipoungua Julai 2021, ghorofa lilipoanguka Novemba 2024, kuna watu walikuwa wamesimama wanatafuta ndugu zao chini ya kifusi na mtu anasukuma simu usoni mwa mama analia. Waandishi wa habari wana kazi yao sikatai, ila wewe unayepiga kwa mapenzi yako siku hiyo saidia kubeba maji.

Halafu mkipiga tuleteeni. Ya karatasi. Mtu akiniletea picha yangu ya karatasi huyo hata akija na kamera kumi namtafutia kiti.

Kifungu_Kidogo
Naingia upande wa sheria maana umeulizwa na haujajibiwa. Nimefanya kazi kwenye mambo ya nyaraka za kisheria muda mrefu, nitaeleza kwa lugha nyepesi.

Hakuna sheria Tanzania inayosema ni kosa kumpiga picha mtu barabarani. Ila katiba ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ina Tume yake kabisa. Taarifa binafsi kwa sheria ile ni taarifa inayoweza kumtambulisha mtu iliyorekodiwa kwa namna yoyote ile, kwahiyo uso unaotambulika usijidanganye kwamba haumo. Tofauti kubwa inakuja kwenye matumizi. Picha kukaa kwenye maktaba yako ni jambo moja, kuiweka kwenye tangazo la biashara ni jambo lingine kabisa, hapo unahitaji ridhaa na ni bora iwe ya maandishi, hata fomu fupi ya nusu ukurasa.

Majirani zetu Kenya wametangulia, sheria yao ni ya 2019, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data ilipiga faini baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 za kule kwa kuposti mteja wao bila ridhaa, na shule moja ikapigwa 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Zote mbili ni taasisi za biashara zilizotumia sura za watu kujinadi, sio mtu na kamera yake barabarani, lakini unaona upepo unaelekea wapi.

Kwa wenzetu New York imeenda tofauti. Mpiga picha Philip-Lorca diCorcia alifunga taa kwenye jukwaa la mafundi pale Times Square, akasimama mbali na lenzi ndefu, mtu akipita chini taa inawaka anapigwa bila kujua lolote. Mzee mmoja Myahudi mwenye kushika dini akakuta uso wake unauzwa kwenye jumba la sanaa, akashtaki kwamba imani yake hairuhusu. Mahakama 2006 ikamkatalia, ikasema sanaa inalindwa na uhuru wa kujieleza na pia muda wa kushtaki umepita. Kwahiyo kisheria mpiga picha alishinda. Mimi binafsi nikiisoma ile kesi naona yule mzee alikuwa na hoja.

Kitu cha mwisho, na hiki usikichukulie kirahisi: kambi za jeshi, Ikulu, bandarini na vituo vya polisi usielekeze kamera. Ukiwa Feri unapiga wauza samaki kumbuka Ikulu ya Magogoni iko jirani hapo hapo na bandari iko upande wa pili, angalia nyuma ya mtu wako kuna nini kabla hujabonyeza.

Mtazama_Mji
Asanteni sana wakuu, kaka wa mikanda umenigusa mno na hilo la robota. Nimeelewa kwamba tatizo langu nilikuwa nafikiria ile sekunde ya kubonyeza tu, kumbe kuna kabla na kuna baada. Babu nikuulize kwa upande wa ufundi: nikiwa hatua mbili tatu kutoka kwa mtu, kamera inachelewa kutafuta fokasi, mpaka ipate jambo limepita. Na je simu haifai kabisa?

Babu_Filamu
Zima hiyo fokasi ya otomatiki. Weka mwenyewe mita 3, tundu la lenzi f/8, na lenzi yako ya 35 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa kama filamu ya mm 35) utapata kila kitu kuanzia karibu mita 2 mpaka 7 kimetulia. Spidi 1/500, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, weka 100 juani, vichochoroni panda mpaka 1600 usiogope chenga. Baada ya hapo kazi yako ni kujua mita 3 ni umbali gani kwa macho, pima nyumbani kwa hatua zako mpaka mwili ujue wenyewe.

Mwanga wa Dar mchana ni mgumu. Mwezi wa 10, na pale mwisho wa mwezi wa 2 kuingia wa 3, jua linapita utosini kabisa, mtu akivaa kofia uso wote unakuwa mweusi. Toka saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 3, rudi mtaani saa 10 jioni. Katikati hapo ingia kwenye vivuli, chini ya maturubai ya Kariakoo mwanga unachujwa na rangi ya turubai, la bluu linawapa watu ubaridi la njano linawapendezesha, ni mwanga wa bure na hauishi. Jioni nenda kwenye pantoni ya Kigamboni. Geti likifunguliwa watu wanakimbia wote kwa pamoja, baiskeli, mabeseni, wanafunzi, mwanasheria na faili lake, ila mimi napenda zile dakika za katikati ya maji, pale kila mtu hana pa kukimbilia, anaangalia maji na uso unarudi kuwa wake. Salimia tu walio karibu na wewe.

Simu inafaa, tena sana, na kitufe cha sauti kinapiga picha vizuri tu ukiwa umeishika kifuani. Kuna mama mmoja Chicago, Vivian Maier, alikuwa yaya, analea watoto wa watu, na kila akitoka nao anabeba kamera ya Rolleiflex, ile unaangalia kwa juu ikiwa tumboni, kwahiyo anaiinamia mashine hamkodolei mtu macho. Alipiga picha zaidi ya 100,000 na karibu hakuna aliyeziona, mpaka masanduku yake yaliponadiwa 2007 ndo watu wakashtuka, na yeye akafa 2009 kabla hata jina lake halijajulikana. Zitafute uziangalie polepole. Wengi kwenye picha zile wanamuona, wanamtazama, na hawajakasirika.

Kuficha kamera kabisa, hapana. Mpiga picha Walker Evans alifanya hivyo kwenye treni za chini New York kuanzia 1938 mpaka 1941, kamera ndani ya koti lenzi inachungulia kati ya vifungo, na picha zile ni nzito hakuna anayebisha. Lakini zilikaa mpaka 1966 ndo zikatoka kwenye kitabu. Alizikalia miaka yote hiyo. Sisi leo mtu anapiga saa 4 na saa 4 na dakika 5 iko kwenye status, mtu aliyepigwa hata kituo hajabadilisha.

Dada_wa_Ng'ambo
Salamu kutoka Zanzibar. Babu nakuheshimu sana ila kuna mahali sikubaliani na wewe, nitasema.

Unasema kama ni tukio unapiga kisha unatabasamu. Hilo kwa mwanaume mwenzako sawa. Mwanamke anayefunga mtandio wake uliofunguka, mama ananyonyesha kibarazani, binti amekaa mlangoni kwao hajajisitiri kama anavyojisitiri akitoka, huyo kwake yuko nyumbani ingawa wewe unayepita unaona barabara. Mji Mkongwe wetu vichochoro ni vyembamba, baraza ni sebule. Kutabasamu baada ya kupiga hakumrudishii chochote. Hapo ni kuomba, na akikataa ni salama tu unapita. Na watoto vivyo hivyo, Forodhani jioni wanaruka baharini kila mgeni anawapiga picha, wengine wanaanza kuruka kwa ajili ya kamera kisha wanadai hela. Mimi nina mtoto pale, sipendi.

Na wewe Mtazama Mji, unasema ukiomba ruhusa kitu kinakufa. Hakifi. Kinakuja kingine. Hapa kwetu kuna Capital Art Studio, ilianzishwa 1930 na Ranchhod Oza, watu walikuwa wanakwenda pale wamevaa walichochagua, wamesimama walivyotaka wenyewe waonekane. Bibi yangu alikuwa na picha ya aina hiyo ukutani na hakuna mtu aliyewahi kuniambia sio picha ya kweli kwa sababu alijiandaa. Namna mtu anavyotaka kuonekana nayo ni sehemu yake, tena mimi naona ni sehemu kubwa. Kule kunyooka na kukaza uso unakokuona kero, ni heshima anayokupa. Ipige hiyo. Kisha usishushe kamera, endelea kuongea naye, muulize biashara, muulize mvua, atacheka au atamjibu mteja, na ile ya pili utaipata hali ya kuwa anajua uko pale.

Muuza_Mikanda
Dada umemaliza kila kitu. Mtazama Mji ukija Kongo njoo asubuhi kabla ya saa 2 tukiwa tunapanga meza, wateja hawajajaa tunaweza kuongea. Ulizia wauza mikanda upande wa maduka ya vitenge. Picha za karatasi zinaprintiwa hapo hapo Msimbazi kwa wale wanaopiga za pasipoti, inchi 4 kwa 6 unasubiri dakika chache unaondoka nayo.